Mnyororo wa Ugavi: Nani Anaamua, na kwa Lugha Gani?

Wanafunzi wetu wa tafsiri hutuuliza mara kwa mara maana ya istilahi "mnyororo wa ugavi". Neno ugavi linatokana na kitenzi gawa. Mnyororo huo ni safari nzima ya bidhaa, tangu inapoagizwa hadi inapomfikia mtumiaji. Kila pingili ina mtu anayepaswa kuamua: kiasi gani, lini, kupitia wapi, na nani atangulie. Katika makala haya tunatumia mfano wa Malawi, nchi ambamo Kiswahili kina wasemaji wengi katika makazi ya wakimbizi ya Dzaleka, wilayani Dowa, mwendo wa kilomita 40 na ushei kutoka Lilongwe.

Malawi haina pwani. Mizigo yake hupitia bandari za Beira na Nacala nchini Msumbiji, au Dar es Salaam kupitia Mbeya na Karonga. Kimbunga Idai kilipoipiga Beira mwezi Machi 2019, wasimamizi wa mizigo walilazimika kuchagua: kungoja au kubadili njia. Uamuzi wa namna hiyo unahitaji taarifa sahihi, tena mapema. Hapo ndipo TEKNOHAMA inapoingia.

Mfano mzuri ni mfumo wa cStock, ulioanza kutumika Malawi mwaka 2011. Mhudumu wa afya wa kijijini hutuma kwa simu ya kawaida ujumbe mfupi wenye idadi ya dawa alizobaki nazo. Kompyuta hukokotoa mahitaji, na kituo cha afya huarifiwa kiasi cha kumwandalia. Tuseme anatakiwa kuwa na pakiti 80 za chumvichumvi za kutibu upungufu wa maji mwilini, naye amebakiwa na 25, ataandaliwa 55. Hesabu ni rahisi, lakini inamwepusha kutembea hadi kituoni na kurudi mikono mitupu. Majaribio ya mfumo huo yalionyesha jambo la kuzingatia: matokeo yalikuwa bora zaidi pale wahudumu na wasimamizi wao walipokutana na kujadili takwimu hizo. Mashine hukokotoa, wanaoamua ni watu.

Sasa twende Dzaleka. Makazi hayo yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, yakikusudiwa watu wapatao 10,000. Kufikia mwaka 2023 yalikuwa na zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda. Mwaka 2013 shirika la UNHCR lilijaribu huko mfumo wa kuwatambua watu kwa alama za vidole na mboni za macho. Baadaye msaada wa chakula ukaanza kutolewa pia kwa fedha badala ya magunia. Badiliko hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Zamani familia haikuamua yenyewe ipate mahindi kiasi gani na maharage kiasi gani. Kwa fedha, mama mwenye nyumba anakuwa pingili inayoamua.

Lakini ataamuaje vema kama taarifa haieleweki? Chukueni ujumbe huu: "Mgao umesitishwa." Je, umesimama kwa muda au umekoma kabisa? Kitenzi sitisha kinabeba maana zote mbili. Anayeelewa la kwanza atapima unga wake wa mwisho ili umfikishe wiki ijayo. Anayeelewa la pili huenda akauza blanketi leo. Pale ambapo upungufu wa fedha za wafadhili umepunguza mgao zaidi ya mara moja, kosa la neno moja linalipwa kwa njaa. Afadhali kuandika: "Mgao wa mwezi huu utachelewa, utatolewa tarehe 20."

Tena, Kiswahili cha Dzaleka si cha aina moja. Mtu wa Kongo husema depo, karte na falanga pale Mtanzania anaposema ghala, kadi na pesa. Kuyaita maneno hayo makosa hakumsaidii mtu aliye kwenye foleni.

Tunawashauri walimu wenzetu watumie ujumbe wa namna hii kama zoezi darasani. Mwanafunzi aandike tangazo la maneno yasiyozidi 20, kisha alisomee watu watatu wa asili tofauti na kuwauliza: "Baada ya kusikia haya, utafanya nini?" Majibu yakitofautiana, tangazo liandikwe upya.