Andikeni Kipimo, Si Rangi Tu

Ndugu wanavikundi wa Migori na Homa Bay, ule utepe wa kupima mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 mnaujua. Je, daftari lenu huandikwa rangi tu? Hapo kuna shida. Zamani nyekundu ilikuwa chini ya sentimita 11.0. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walishauri mpaka upande hadi 11.5. Mtoto wa 11.2 hakuwa nyekundu, sasa akawa nyekundu. Kama kwenye daftari aliandikiwa rangi tu, mtamjuaje?

Basi andikeni namba. Rangi ziwe kwenye jedwali dogo, ukurasa wa kwanza:

Kuanzia 0: nyekundu
Kuanzia 11.5: njano
Kuanzia 12.5: kijani

Shuka na jedwali, ukomee mstari wa mwisho usiozidi kipimo chako. 11.5 kamili ni njano, hakuna kubishana. Kompyuta nayo hufanya vivyo hivyo. Mpaka ukibadilika, mnarekebisha jedwali, daftari mnaliacha.

Na mtoto wa nyekundu apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.