Uvimbe wa Kasi Kuliko Wote, na Rekodi Nyingine za Kiini cha Seli

Hakuna uvimbe wa binadamu unaojulikana kukua haraka kama limfoma ya Burkitt, saratani ya seli nyeupe za kinga. Seli zake huweza kuongezeka maradufu ndani ya saa 24 hadi 48. Leo taya la mtoto limevimba kidogo. Wiki chache baadaye meno yanacheza na jicho limesukumwa nje.

Eastleigh, mtaa wetu hapa Nairobi, iko kwenye mwinuko mkubwa mno kwa ugonjwa huu, unaopenda nyanda za joto, mvua na malaria. Tunajua hivyo kwa sababu ya safari ya 1961, ambapo Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa Mulago, Kampala, pamoja na Ted Williams na Cliff Nelson, walizunguka kama maili 10,000 kwa gari kuukuu la Ford, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Kwangu mimi, hakuna utafiti wa saratani uliozaa mengi hivyo kwa fedha kidogo hivyo. Kwa sababu ya mwinuko huo, wagonjwa wengi wanaotibiwa Nairobi wametoka mbali, hasa kanda ya Ziwa na Pwani.

Kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu nacho kilitoka kwenye uvimbe huo. Kipande kilichotumwa kutoka Kampala kilipelekwa Manchester kwa sababu ukungu ulizuia ndege kutua London. Kilipofika maabara, maji yake yalikuwa yamechafuka kama yaliyoharibika. Kumbe uchafu ule ulikuwa seli hai zinazoelea. Watafiti Epstein, Achong na Barr walitangaza ugunduzi wao wa kirusi hicho 1964.

Rekodi iliyo karibu nasi zaidi ni ya Nairobi yenyewe. Daktari Peter Clifford wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta alikuwa akituma vipande vya uvimbe kwa ndege hadi Stockholm, kwa George na Eva Klein. Kutokana na kipande cha kijana mmoja wa Kenya, mwaka 1967 ilipatikana jamii ya seli inayoitwa Daudi, na bado inaishi na kugawanyika katika maabara duniani kote. Seli hizi hazina kitambulisho ambacho karibu kila seli ya mwili huonyesha kwa mfumo wa kinga, ndiyo maana wanasayansi wanazitafuta. Nadhani hakuna Mkenya aliyesafiri sana kuliko seli hizi. Natamani zitajwe katika masomo ya baiolojia ya shule zetu za Eastlands, mashariki mwa Nairobi, maana ni za hapa.

Sasa tuingie ndani ya kiini. Humo mna nyuzi za DNA zenye urefu wa kama mita 2 zikiunganishwa, zimekunjwa kama majora ya vitambaa kwenye duka la Garissa Lodge, jengo la maduka hapa Eastleigh, lisilo na nafasi ya kugeuka. Mwaka 1972 Georgi Manolov na Yanka Manolova waliona kromosomu ya 14 ya seli za Burkitt ina kipande cha ziada. Mwaka 1976 Lore Zech na wenzake wakaonyesha kimetoka kwenye kromosomu ya 8. Ilipofika 1982, jeni lenyewe likajulikana: MYC, linaloamrisha seli kugawanyika, limehamia jirani na jeni la kutengeneza kingamwili, ambalo katika seli hizi halizimwi. Kasi yote ile inaanzia hapo. Seli hizohizo zikijaa kwenye uboho, madaktari huuita ugonjwa huo saratani ya damu.

Kasoro ya kromosomu ya kwanza kabisa kuhusishwa na saratani ilionekana Philadelphia, 1960, na Peter Nowell na David Hungerford, katika saratani sugu ya damu. Janet Rowley alieleza chanzo chake 1973, na 2001 ikaidhinishwa Marekani imatinib, kidonge kinachozima hitilafu hiyo. Wagonjwa wa Kenya wamekipata bure kupitia mpango wa Novartis na Max Foundation.

Burkitt ina rekodi nyingine inayonipa moyo: ni miongoni mwa saratani zinazoyeyuka haraka zaidi. Dawa hushambulia seli zinazogawanyika, na hapa karibu zote zinagawanyika. Miaka ya 1960, Kampala na Nairobi, kulikuwa na watoto waliopona kwa dozi chache. Kwa hiyo taya likivimba na meno kulegea, kung'oa jino tu hakutoshi; mtoto apimwe upesi. Hospitalini huongezewa maji kwa mrija kabla ya dawa, kwa kuwa seli nyingi zikifa kwa pamoja, taka zake huweza kuziba figo.