Mshipa Unaovuma

Kila alfajiri baada ya swala, mama mdogo huweka vidole viwili juu ya kifundo cha mkono wake wa kushoto, akatulia. Chini ya ngozi mna mtetemo, kama wa paka anayenguruma mapajani. Akiuhisi, anainuka kuchemsha chai. Siku asipouhisi, chai hainyweki: ni kukimbilia hospitali, kwani mshipa ulioziba huweza kuokolewa ukiwahiwa.

Figo zake zilikufa kwa presha ambayo haikumuuma popote. Figo nzima huchuja kama lita 180 za majimaji ya damu kwa siku, zikarudisha karibu yote mwilini na kutoa lita moja au mbili tu za mkojo. Nazo ni vumilivu mno. Mtu hupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa figo asijue. Mama mdogo alifika hospitali miguu imevimba, kinywani ana ladha ya chuma. Muda ulikuwa umekwisha, akatiwa mpira shingoni wa kumuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Mpira ule ncha yake hufika karibu na moyo, na kijidudu kikipenya kinaingia moja kwa moja kwenye damu. Tulimwona akitetemeka kwa homa katikati ya kusafishwa, blanketi tatu zisimfae.

Kwa nini asitumie mshipa wa mkono tangu mwanzo? Kwa sababu mashine hunywa damu kwa kasi, kiasi cha mililita 300 kwa dakika, na hunywa hivyo kwa saa nne, mara tatu kwa wiki. Vena ya kawaida hunywea. Kupata mshipa wa kudumu ndiko kulikomshinda daktari Willem Kolff kule Kampen, Uholanzi, mwaka 1943. Mashine yake, pipa lililozungushiwa utando wa kufungia soseji, ilisafisha damu vizuri, lakini kila safari mshipa mwingine ulikatwa, hadi mishipa ikaisha. Mwaka 1960 daktari Belding Scribner wa Seattle aliacha mirija ya Teflon mkononi mwa mgonjwa, ikichungulia nje ya ngozi. Wagonjwa wakaanza kuishi miaka, ingawa mirija iliziba na kupata maambukizi.

Jibu lililodumu lilitoka New York mwaka 1966, kwa madaktari Brescia, Cimino na Appel. Cimino alikuwa amewahi kufanya kazi ya kutoa watu damu, akizijua vena kwa vidole. Waliishona ateri na vena pamoja chini ya ngozi. Damu yenye nguvu ya ateri inaporomoka venani, na baada ya wiki kadhaa vena inanenepa na kukomaa, ikastahimili sindano nene mwaka hadi mwaka. Mvumo anaousikiliza mama mdogo ni damu hiyo.

Wataalamu huuita mshipa huo fistula, na jina hilo limetutesa. Kwetu fistula ni jeraha la mama aliyekwama muda mrefu katika uchungu wa kujifungua. Mama mdogo alilia alipoambiwa atawekewa, na miezi miwili ikapotea tukimshawishi. Wauguzi wangeanza tu kwa kusema "kuunganisha mishipa ya mkono", wangeokoa machozi mengi.

Na mkono wenyewe huanza kulindwa mapema, figo zinapoonekana kushuka, kabla hata mashine haijatajwa. Damu itolewe mgongoni mwa kiganja, dripu vilevile, kigasha cha mkono usioandikia kiachwe. Fistula ikishawekwa, mkono huo haufungwi mkanda wa presha. Nilikuwepo siku muuguzi mgeni alipoushika kuufunga. Mama mdogo aliuvuta kwa nguvu sijapata kumwona nazo. "Huu una kazi yake, mwanangu. Chukua huu mwingine."

Sasa binti yake anapimwa ili amchangie figo. Zamani wagonjwa wetu wengi walipelekwa India kupandikizwa. Tangu Novemba 2017 upandikizaji hufanyika hapa nchini pia, hospitali ya Muhimbili. Figo mpya huwekwa chini ya tumbo, karibu na nyonga, na zile za zamani kwa kawaida huachwa zilipo. Mama mdogo aliuliza kama mshipa wake nao utafungwa. Daktari alimwambia mara nyingi huachwa, iwapo figo mpya itachoka siku moja. Akatikisa kichwa kukubali, huku vidole viwili viko kifundoni.