Nagona haikushuka kutoka mbinguni

Wengi walioishika riwaya ya Nagona (1990) ya Euphrase Kezilahabi waliiweka chini mapema. Mji wake ni magofu, wakati hauendi mbele wala nyuma, na wanafalsafa waliokufa zamani wanakaa kimya na vitabu vyao. Ndiyo maana wapo wanaosema mwandishi alizikimbia siasa akajificha kwenye falsafa. Mimi naona siasa ndizo zilizomfikisha huko.

Kezilahabi alizaliwa Ukerewe mwaka 1944. Azimio la Arusha, lililoweka siasa ya ujamaa, lilipotangazwa mwaka 1967, alikuwa hajatimiza miaka 23. Rika lake la wasomi liliambiwa kwamba elimu ni deni kwa wanakijiji waliowalipia. Wenzake wengi waliitikia kwa hadithi za shangwe. Yeye akaleta Rosa Mistika (1971), iliyopigwa marufuku shuleni kwa jinsi ilivyozungumzia ngono, kisha Kichwamaji (1974), ambamo msomi Kazimoto anajiua.

Inayonisimamisha zaidi ni Dunia Uwanja wa Fujo (1975). Tumaini, mkulima aliyetajirika, anamuua kiongozi wa serikali kwa ajili ya shamba linalotaka kutaifishwa, naye ananyongwa. Msomaji wa wakati ule hakuhitaji kufafanuliwa. Krismasi ya 1971, Said Mwamwindi, mkulima wa Isimani, alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, katika mzozo wa shamba na ujamaa, akahukumiwa kifo. Kezilahabi hamgeuzi muuaji kuwa shujaa, lakini pia hakanushi kwamba alikuwa na uchungu.

Gamba la Nyoka (1979) ikafuata, watu wakiwa wamekwisha kuhamishiwa kwenye vijiji vya ujamaa, wengine kwa nguvu.

Kisha miaka kumi na moja bila riwaya. Alikuwa Wisconsin, Marekani, akapata udaktari mwaka 1985. Mwaka huohuo Rais Nyerere aling'atuka. Mwaka uliofuata serikali ikakubali masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa. Mwandishi aliyezoea kubishana na ujamaa akakuta mbishani wake keshaondoka. Na hadithi iliyonyooka, ya kutoka gizani kwenda kwenye neema, ndiyo hiyohiyo iliyokuwa ikisimuliwa majukwaani. Baada ya majukwaa kuvunjwa, angeisimulia vipi tena? Ndipo ikaja Nagona, isiyonyooka.

Kwa hiyo usianze na Nagona, wala na mwenzake Mzingile (1991). Anza na Gamba la Nyoka: haisumbui sana, na kejeli zake bado zinauma.