Nani Kagawa Kura? Tusiwabebeshe Zigo Wapiga Kura wa Chama cha Tatu

Kila uchaguzi ukiisha, pale kwenye vimbweta huwa anatafutwa mchawi. Chama kikubwa cha upinzani kimeshindwa, na kabla matokeo ya majimbo yote hayajatoka, mtuhumiwa keshapatikana: ni yule aliyepigia kura chama kidogo. "Nyie ndio mmegawa kura." "Bora ungelala tu." Wengine wanafika hadi kuitana wasaliti, watu wanaokula ugali sufuria moja.

Kwa sisi tunaosoma hapa Ruhuwiko hili si jambo dogo. Wengi wetu ndiyo kwanza tunaanza kupiga kura. Kama somo la kwanza tunalopewa ni kwamba kura yako ina mwenyewe tayari, na wewe kazi yako ni kuipeleka tu, basi hatujafundishwa demokrasia. Ndiyo maana nimeona tulipime hili dai taratibu, kwa kalamu na karatasi.

Tuanze na serikali ya wanafunzi

Chukua mfano wa kubuni. Wanafunzi 1,000 wanachagua rais wao. A anapata kura 420, B kura 400, C kura 180. Sheria ni ile tuliyoizoea: mwenye kura nyingi kuliko wenzake anashinda, hata asipofika nusu. A kashinda. Wafuasi wa B wanamgeukia C: "Umetuharibia!"

Haya, mtoe C kwenye karatasi. Wale 180 wanakwenda wapi? Tuseme 100 wanahamia kwa B, 40 kwa A, na 40 wanabaki hosteli kulala. B anapata 500, A 460. Hapo lawama ina miguu ya kusimamia. Lakini tuseme 60 wanakwenda kwa B, 70 kwa A, na 50 wanalala. A anapata 490, B 460. C katoka, na B bado kashindwa!

Kwa hiyo kabla ya kumlaumu mtu kuna maswali mawili. La kwanza: je, kura za chama cha tatu ni nyingi kuliko tofauti kati ya mshindi na aliyeshindwa? La pili: je, wapiga kura hao wangempa yule aliyeshindwa? Watu wengi wanaishia swali la kwanza. Wengine hata hilo hawaliulizi.

Sasa tuje Tanzania

Mwaka 2015 Chadema, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD waliungana chini ya UKAWA, wakamsimamisha Edward Lowassa kugombea urais. ACT-Wazalendo walibaki nje na mgombea wao, Anna Mghwira. Maneno waliyoyapata ACT msimu ule mnayajua: wametumwa kuja kugawa kura.

Upinzani uliyakataa matokeo yale, na huo ni mjadala wake. Mimi natumia hesabu zilizotangazwa na Tume. John Magufuli alipata kura 8,882,935, Lowassa 6,072,848. Tofauti ni zaidi ya milioni 2.8. Mama Mghwira alipata 98,763. Mpe Lowassa kura zote za ACT, bila kubakiza hata moja, bado pengo linabaki zaidi ya milioni 2.7. Swali la kwanza tu, kesi imekwisha.

Rudi 2010. Jakaya Kikwete alipata kura 5,276,827, Dk. Willibrod Slaa wa Chadema 2,271,941, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF 695,667. Jumlisha Slaa na Lipumba: hawafiki hata milioni 3. Ila angalia upande mwingine wa karatasi. Waliojiandikisha mwaka ule walikuwa zaidi ya milioni 20, na waliopiga kura hawakufika milioni 9. Yaani zaidi ya milioni 11 hawakupiga kura, na kelele zote tunampigia yule aliyeamka asubuhi, akapanga foleni juani na kuchagua CUF.

Tusidanganyane lakini, kugawana kura kupo. Kunaonekana zaidi kwenye majimbo, kwa sababu huko tofauti huwa ndogo. Segerea, Dar es Salaam, 2015, UKAWA walishindwa kuachiana. Julius Mtatiro wa CUF alisimama, na Anatropia Theonest wa Chadema akasimama. Bonnah Kaluwa wa CCM alishinda, na kura za wale wawili zikijumlishwa zilizidi zake. Wahenga walishasema, vita vya panzi furaha ya kunguru. Sasa niambie, panzi hapo ni nani? Mama wa Segerea aliyekuta kwenye karatasi wagombea wawili wa umoja mmoja, au viongozi waliowaweka wote wawili?

Majirani walifanyaje?

Mfano unaotajwa sana ni Kenya, 1992. Upinzani uliokuwa na nguvu ndani ya FORD ulipasuka. Jaramogi Oginga Odinga akabaki na FORD-Kenya, Kenneth Matiba akaenda na FORD-Asili, na Mwai Kibaki tayari alikuwa na chama chake cha DP. Daniel arap Moi akashinda kwa asilimia 36 hivi. Matiba alipata kama 26, Kibaki 19, Odinga 17. Watu zaidi ya sita katika kila kumi hawakumtaka Moi, na Moi akabaki Ikulu.

Hapo swali la kwanza linajibika ndiyo. La pili ndilo gumu. Je, mfuasi wa Matiba angemkubali Odinga? Wa Odinga angemkubali Kibaki? Isitoshe, sheria ilimtaka mshindi apate angalau asilimia 25 ya kura katika mikoa mitano kati ya minane, na Moi peke yake ndiye aliyetimiza sharti hilo. Halafu, mpiga kura wa chama cha tatu hapo alikuwa nani, ikiwa kila mmoja wa wale watatu alijiona yeye ndiye mkubwa?

Dawa ilipatikana 2002, na haikuwa kuwatukana wapiga kura. Viongozi walikaa mezani, Raila Odinga akatamka "Kibaki Tosha", na NARC ikashinda kwa asilimia 62 hivi. Wakenya walikuwa walewale. Waliobadilika ni waliokuwa wakiwaomba kura.

Sisi wa Ruvuma tuna mfano wa karibu zaidi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Malawi, Mei 2019, Peter Mutharika alitangazwa mshindi kwa asilimia 38.57. Lazarus Chakwera alipata 35.41, Saulos Chilima 20.24. Chilima, kwa lugha ya vimbweta, ndiye aliyegawa kura. Februari 2020 mahakama ikafuta uchaguzi ule kwa sababu ya kasoro zake, ikasema pia kwamba mshindi wa urais lazima avuke nusu ya kura. Sheria ilipokuwa hivyo, Chakwera na Chilima wakaungana, na Juni 2020 Chakwera akashinda kwa asilimia 58 na ushee. Mutharika alibaki karibu palepale, chini kidogo ya 40.

Sheria ya kuhesabu ina mkono wake katika lawama hii. Sisi 1995 mgombea urais alitakiwa avuke nusu ya kura. Mwaka 2000 Katiba ikabadilishwa, na tangu hapo anatosha yule aliyewazidi wenzake. Chini ya sheria kama hiyo, kila mgombea wa tatu ataonekana mharibifu. Nchi zenye duru ya pili, kama Kenya chini ya Katiba ya 2010, zinamruhusu mtu aanze na anayempenda, kisha ikibidi achague kati ya wawili waliobaki.

Hata Marekani wana kesi hii. Mwaka 2000, jimbo la Florida, George W. Bush alimshinda Al Gore kwa kura 537, na Ralph Nader alikuwa na 97,488. Mpaka leo Nader anasemwa. Ila mgombea mmoja mdogo ambaye hatajwi popote alipata kura 562, nazo pia zinazidi 537. Mbona yeye hana kesi? Tofauti ikiwa ndogo hivyo, kila mtu anaweza kuwa mchawi, hata yule ambaye siku hiyo alishikwa na malaria.

Kura ya chama kidogo inakwenda wapi?

"Sawa, lakini umeipoteza kura yako." Si lazima. Viti maalum vya ubunge hugawanywa kwa kuangalia kura za ubunge ambazo chama kimepata nchi nzima, mradi kifikishe asilimia 5. Mgombea wako anaweza kuanguka jimboni, na kura yako ikaendelea kufanya kazi Dodoma.

Halafu chama kidogo si lazima kibaki kidogo. ACT ile ya asilimia 0.65 mwaka 2015, Machi 2019 ilimpokea Maalim Seif Sharif Hamad na wafuasi wake kutoka CUF. Desemba 2020 Maalim aliapishwa kuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kwa tiketi ya ACT-Wazalendo. Kama wote wangesikiliza kelele za 2015, asingekuta nyumba ya kuhamia.

Sisemi kila kura ya chama cha tatu ni ya busara. Kama jimboni kwako wawili wanakimbizana kwa kura chache, na mmoja wao humtaki kabisa, una haki ya kupiga hesabu na kumpa yule anayeweza kumzuia. Hiyo ni akili, na ni uamuzi wako. Lakini kuna tofauti kati ya kumshawishi mwenzako kabla ya uchaguzi na kumtukana baada yake.

Sisi tunaosomea ualimu tunalijua hili. Wanafunzi wakihama kipindi chako cha ziada wakaenda kwa mwalimu mwingine, hawajakuibia kitu. Jiulize kwanza unafundishaje. Chama nacho kijiulize hivyo hivyo. Na wewe uliyeko kimbwetani, siku ukitaka kumwita mwenzako msaliti, chukua kalamu kwanza, andika tofauti ya kura, kisha andika idadi ya waliobaki kitandani.