Mzee Aliyetaka Kumpima Mhubiri



Huku kwetu, toka Kapalamsenga hata pwani ya ziwa kule Karema, ukimwita mtu mzima aje kujifunza kusoma, mara nyingi hukujibu kwa methali: Samaki mkunje angali mbichi. Akiisha kusema hivyo, hudhani shauri limekwisha. Hatuikatai methali, walioitunga waliwajua samaki. Lakini mwaka 1970 ulipotangazwa katika nchi yetu kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, wako mabibi wengi walioshika kalamu kwa mara ya kwanza wakiwa na wajukuu mgongoni. Na leo twataka kuwapasheni habari za mzee mmoja wa Kenya. Watu humtaja sana kwa ajili ya umri wake. Neno lenyewe lililomsukuma kwenda shule halitajwi sana.

Jina lake Kimani Ng'ang'a Maruge. Alikuwa mmoja wa wapiganaji wa Mau Mau, wala katika utoto wake hakupata kusoma. Mwezi wa Januari 2003 serikali ya Kenya iliondoa karo katika shule za msingi, na watoto zaidi ya milioni moja wakaongezeka madarasani. Mzee akasikia ya kuwa shule ni bure kwa wote, akalishika neno kama lilivyosemwa: wote ni wote. Basi akaikata suruali yake ikawa kaptura, akavaa soksi ndefu na sweta, akaenda na mkongojo wake. Tarehe 12 Januari 2004 aliandikwa darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, mjini Eldoret. Kwa hesabu yake mwenyewe alikuwa na miaka 84, nao wajukuu wake wawili walikuwa wanafunzi wa shule ile ile.

Alipoulizwa sababu, alitoa mbili. Ya kwanza, alisikia kwamba wapiganaji wa zamani huenda wakalipwa fidia, akataka kujua kuhesabu fedha zake. Ya pili, alitaka kujisomea Biblia mwenyewe, maana alishuku ya kuwa mhubiri hayafuati yaliyoandikwa.

Hapo na tutue kidogo, hasa sisi makatekista. Mwanafunzi wa namna hii si mwepesi kumpenda. Haji kupokea tu, aja kupima. Sisi tumezoea kumsifu yule ajibuye maswali yote ya katekisimu bila kukosa neno, hata kama ni kama kasuku, na yule aulizaye, "Imeandikwa wapi?" twamwona mkaidi. Lakini ni yupi kati ya hao wawili atakayefungua kitabu siku ambayo mwalimu hayupo?

Mwalimu mkuu wa shule ile, Bibi Jane Obinchu, alikuwa na sababu za kutosha za kumrudisha nyumbani. Madarasa yalijaa, na nafasi aketiyo mzee ni nafasi ya mtoto. Waliosema hivyo hawakuwa wapumbavu. Hata hivyo alimpokea, na baadaye hakuona haya kumsifu mbele ya wageni waliokuja kumtazama.

Nasi tuliopata kufundisha watu wazima twajua maana ya sifa hiyo. Mkono uliozoea jembe hukamata kalamu ya risasi kama mpini, ncha ikavunjika mara tatu kwa mstari mmoja. Macho huchoka mapema. Mtoto hukubali kuandika a, e, i, o, u asubuhi nzima bila kuuliza kwa nini. Mtu mzima ataka jina lake kwanza. Na fikirini jina la Ng'ang'a kwa mtu anayeanza: ng' mara mbili, na kila moja ina alama yake juu, ukiisahau jina si lako tena! Mwanafunzi mpole hukata tamaa hapo. Mwenye ukali wa moyo hufuta, akaandika tena, kwa kuwa liko jambo analolitafuta mbele.

Mwaka 2005 Mzee Maruge alifanywa kiranja, na mwezi wa Septemba mwaka huo akapanda ndege kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaenda New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya elimu ya bure. Kisha zikaja ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mali yake ikapotea, akakaa kambini pamoja na wengine waliofukuzwa makwao. Na toka kambini aliendelea kwenda shule. Mwaka 2008 alihamia Nairobi, katika nyumba ya kutunzia wazee huko Kariobangi, na huko nako akaingia shule, ile ya Marura.

Tarehe 24 Mei 2009 alibatizwa katika Kanisa Katoliki la Utatu Mtakatifu, Kariobangi, akapewa jina la Stefano. Miaka mitano na zaidi ilikuwa imepita tangu aingie darasani ili ajue kama mhubiri asema kweli. Alikufa tarehe 14 Agosti mwaka ule ule, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi.