Iwacu: Gazeti la Kifaransa lililobaki Bujumbura

Kwa Kirundi jina lake lina maana ya "kwetu", ingawa sehemu kubwa ya habari zake huandikwa kwa Kifaransa. Iwacu, lililoasisiwa mwaka 2008 na mwanahabari Antoine Kaburahe, husomwa na Warundi wasomi, wanadiplomasia, watumishi wa mashirika ya kigeni na Warundi walioko ughaibuni. Umma mpana husikiliza redio, tena kwa Kirundi.

Huenda tofauti hiyo ndiyo iliyolinusuru. Katika siku za jaribio la mapinduzi lililoshindwa dhidi ya Rais Pierre Nkurunziza, Mei 2015, redio binafsi za RPA, Bonesha na Isanganiro zilishambuliwa na kunyamazishwa. Waandishi wengi walikimbia nchi, na Kaburahe mwenyewe akaishia Ubelgiji. Iwacu liliendelea kuchapishwa.

Kunusurika huko kulikuwa na gharama. Tarehe 22 Julai 2016 mwandishi wake, Jean Bigirimana, aliondoka nyumbani na hakurudi. Wenzake waliacha kazi ya kuandika wakamtafuta wenyewe, hadi kwenye mto Mubarazi, mkoani Muramvya, ambako miili miwili iliopolewa. Mkewe alisema hakuna hata mmoja uliokuwa wa mumewe. Hajulikani aliko hadi leo.

Oktoba 2017 tovuti ya gazeti ilizuiwa ndani ya Burundi. Tangu hapo, msomaji wa Brussels aliifungua kwa urahisi kuliko yule wa Bujumbura.

Miaka miwili baadaye, Oktoba 2019, waandishi wanne walikamatwa mkoani Bubanza walikokwenda kufuatilia mapigano kati ya jeshi na waasi. Ushahidi uliotajwa dhidi yao ulikuwa ujumbe wa WhatsApp wa mmoja wao, ambao utetezi ulisema ni mzaha. Januari 2020 walihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu. Kosa lenyewe lilikuwa la ajabu: jaribio "lisilowezekana" la kushiriki kuhujumu usalama wa taifa, yaani tendo ambalo mahakama yenyewe ilikiri lisingeweza kutimia. Msamaha wa Rais Évariste Ndayishimiye uliwatoa gerezani Desemba 2020.

Mapema 2022, Baraza la Taifa la Mawasiliano (CNC) liliruhusu tovuti hiyo ifunguliwe tena nchini.